Kompresa ya Mjomba Aukuso

Ghorofa la juu lilianza kuinama tulipofika kwenye miamba myeusi ya Saleaula. Halikuanguka. Liliinama polepole kama mzee anayesinzia kanisani, na waridi moja la krimu likateleza, likanata kwenye gauni langu. Nilikuwa kiti cha nyuma, nimeipakata keki ya maghorofa matatu, jasho linanitiririka mpaka ndani ya viatu.

"Usifungue kioo," Mjomba Aukuso alisema bila kugeuka. "Ubaridi utatoka."

Ubaridi upi?

Miaka minne imepita na neno hilo bado linaniudhi. Keki ile ilikuwa ya harusi ya Moelagi, na ilikuwa ya kwanza kuagizwa kwangu na watu wasio wa nyumbani. Kwetu keki ya harusi haikatwi hovyo ikaliwa palepale. Ghorofa la chini hupewa mchungaji, la kati wazee wa upande wa bwana harusi, la juu huachiwa maharusi, na msemaji hutaja kwa sauti kila moja linakokwenda na nani kaioka. Siku hiyo kisiwa kizima cha Savai'i kingejua kama mimi ni mwokaji au ni msichana tu mwenye oveni.

Nilikuwa nimepata pikapu ya muuza samaki, yenye masanduku ya barafu. Mjomba akakataa. "Keki ya ukoo wangu haipandi gari moja na samaki," alisema. "Gari langu lina AC." (Leo keki zangu zote zinasafiri na pikapu hiyohiyo, na hakuna aliyewahi kuniambia zinanuka.)

Gari lake lilikuwa la zamani, lililetwa na meli kutoka New Zealand likiwa tayari limechoka. Kila Jumamosi nililipanda kupeleka maandazi soko la Salelologa, kwa hiyo nililijua. Ukibonyeza kitufe cha AC, kitu kililia *ta!* huko mbele, injini ikashusha pumzi kidogo kama mtu aliyetwishwa gunia, halafu baridi ikaja. Tangu Pasaka Mjomba alikuwa anaendesha vioo wazi. Alisema anapenda upepo. Mtu mzima akisema anapenda upepo, utambishia nini?

Asubuhi ya harusi alibonyeza kitufe, taa ya kijani ikawaka. Nikasubiri ile *ta*. Haikulia. Injini haikushusha pumzi.

Nilisikia. Nilijua kabla hatujatoka getini. Lakini tangu apewe uchifu, Mjomba haambiwi jambo, anaulizwa. Nikauliza.

"Mjomba, AC iko sawa?"

"Hii taa unaona ni ya nini? Ya Krismasi?" Akacheka peke yake.

Nami nikanyamaza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Pale Saleaula, joto linatoka juu na linatoka kwenye mawe. Mjomba alisimamisha gari akaenda kujisaidia nyuma ya miamba. Niliiweka keki kitini, nikashuka, nikafungua boneti. Sikuhitaji fundi. Mkanda ulikuwa mpya, mfupi, umeiruka kompresa, mashine inayoleta ubaridi, kama nyumba ya mtu mliyegombana naye. Kompresa yenyewe imeota kutu, na kwenye gurudumu lake buibui alikuwa ametanda utando, mzima, haujakatika hata uzi.

"Nani kakwambia ufungue boneti?" Alikuwa anarudi akifunga zipu.

"Imekufa lini, Mjomba?"

"Ilikwama. Fundi akaitoa kwenye mkanda, gari linatembea. Kwani hatutembei?"

"Ulijua. Na ukanifungia vioo."

"Ni unga na sukari tu, Eseta. Ukiwaka hivyo, utaiyeyusha wewe."

Niliingia nikashusha vioo vyote vinne. Barabara ilikuwa inatengenezwa, vumbi likaingia likalala juu ya krimu nyeupe. Alipiga kelele njia nzima. Sikupandisha.

Ukumbini msemaji aliitazama keki, akamgeukia Mjomba. Kijiji kizima kimekaa chini, kinangoja. Mjomba ndiye aliyesimama.

"Watoto wa siku hizi," alisema, anatabasamu. "Shule kaishia darasa la nane. Siagi kaipaka kama anapaka mkate!"

Watu wakacheka. Nilisikia jina langu likipita mkeka hadi mkeka.

Nikapiga magoti. Nilitumia maneno yote ya heshima niliyofundishwa.

"Waheshimiwa, nisameheni. Mchungaji, Mjomba atakurudisha nyumbani kwa gari lake. Namwomba akufungie vioo kama alivyonifungia mimi, ubaridi usitoke."

Kicheko kilikatika. Mchungaji, mtu mnene, suti nyeupe, taulo shingoni, alimtazama Mjomba, akatazama keki, akanitazama mimi niliyelowa kama nimetoka baharini.

"Nitatembea, Aukuso," alisema. "Si mbali."

Hapo ukumbi ukapasuka kwa kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi.

Nililipia. Kumwaibisha chifu mbele ya watu si jambo dogo, na jioni ileile mama alinikalisha mbele ya Mjomba nikaomba radhi, kichwa chini, mara tatu. Mdomo uliomba. Mimi sikuomba.

Lakini kabla ya hapo, wakati watu wanagawana nyama, nilikuwa nimejificha na keki jikoni nyuma ya ukumbi. Moelagi akaja, gauni la harusi kalikunja mkononi, kijiko mkono wa pili. Akachuchumaa kando ya ghorofa lake lililolala ubavu, akakwangua vumbi, akala. Akala tena.

"Ni tamu, Eseta," alisema. "Kweli, ni tamu sana."

Kwamba ni tamu nilijua. Niliioka ili isimame.