Dawati la Siku ya Wageni

Darasa la Hisabati ya Juu lilikuwa juu kweli: ghorofa ya mwisho, lenye feni na mapazia. Watoto wa bondeni, kwenye mtaa wa maskini, walilisikia tu. Si kwamba walikatazwa. Mkuu wa shule alisema kila siku kuwa mlango uko wazi. Mwombaji alete tu pendekezo la mwalimu wa darasa hilo. Na mwalimu huyo alipendekeza wanafunzi anaowajua, yaani waliokwisha kukaa mbele yake.

Bi Maswali, msichana wa bondeni aliyebandikwa jina hilo kwa kuwachosha walimu, aliongoza hesabu katika mkondo wa kawaida. Kila alipoomba kupanda, aliambiwa avute subira. Siku moja akaitwa ofisini mbiombio.

"Binti yangu," alisema mkuu, ambaye hadi jana alimwita "we mtoto". "Wageni wa wizara wanakuja. Wanapenda kuona sura za kila namna. Leo utakaa darasa la juu, dawati la mbele."

"Na kesho?"

"Ya kesho tutayaona kesho."

Alipanda ngazi mbilimbili. Mengi aliyaelewa, asiyoyaelewa yalimnogea zaidi. Wageni wakapiga picha, wakaondoka. Hapo mwalimu akamwonyesha mlango kwa chaki, bila hata kugeuka. Hesabu ilikuwa bado nusu ubaoni.

Nyumbani alimsimulia shangazi yake, fundi wa kupaka rangi nyumba, aliyekuwa akijisugua kucha kwa mafuta ya taa.

"Wamekufanya rangi ya ukuta wa mbele," alisema shangazi. "Wa nyuma wanauacha matofali matupu."

"Basi wakiniita tena nisiende?"

"Nani kasema? Nenda! Ila usiwakalie bubu kama picha."

Haukupita muda, wakaja wageni wakubwa zaidi, wakiongozwa na mama mmoja mwenye miwani. Mkuu alikuwa amemkaririsha Bi Maswali jibu: "Nalipenda, naushukuru uongozi."

"Unalionaje darasa hili, mwanangu?" aliuliza yule mama.

Bi Maswali alisimama. "Shikamoo. Nalipenda. Ila naomba kuuliza: kesho nikae hapahapa, au nirudi chini mpaka mje tena?"

Mkuu akacheka peke yake. Akaanza kueleza habari za mchakato, awamu na tathmini, jasho likimchuruzika hadi kwenye tai.

"Kesho nitapita," mama alimkatiza. "Na msiniandalie chai."

Kesho yake Bi Maswali alikuwa darasani, pamoja na wenzake kadhaa wa bondeni waliozolewa asubuhi ileile. Habari ya pendekezo haikutajwa tena. Ilikufa bila matanga.

Mtihani wa kwanza ulimwangusha vibaya. "Mnaona sasa?" mkuu aliwanong'oneza walimu, uso umemng'aa kama wa bwana harusi. Bi Maswali alilia chooni, akanawa, akaenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Hapa nimekosea wapi?"

Akawa anamfuata kila mapumziko, hata mwalimu akazoea kutafuna chakula chake huku anaeleza. Siku moja Bi Maswali hakutokea. Alikuwa na homa. Mwalimu akawauliza wanafunzi, kwa hasira kidogo, yule msumbufu wake yuko wapi.

Mwisho wa mwaka alifaulu. Mkuu naye akatunukiwa cheti cha kuwapigania wanyonge, akakipokea kwa machozi. Watu wanasema yalikuwa machozi ya kweli.