Herufi Zilizozuiwa Ijumaa

Tiit! Kisha kicheko kidogo, kikavu, kutoka upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Fundi wa kompyuta aliuma meno. Kila mashine ilipomlilia hivyo, kicheko kile kilifuata, kama vile anayecheka alikuwa akimhesabia makosa. Kwenye skrini, mfumo wa Linux ulirudia yale yale: programu mpya ya kuchorea ramani haisakinishiki, kifurushi cha programu inachokitegemea ni cha zamani mno. Hii ilikuwa mashine ya saba. Zote saba zimegoma. Ya nane, ya karani wa barua, iliipokea bila hata kukohoa.

"Injinia!" sauti ikaita. "Na hiyo nayo imekukatalia posa?"

"Fanya kazi yako, Ba'mdogo."

Ba'mdogo huyo, kitinda mimba wa babu yake, alikuwa mchoraji mkuu wa ofisi ya ramani za mabomba ya maji. Ofisini walimwita Mzee Rula. Fundi alipoajiriwa kwa majaribio, mzee alisema mbele ya ukoo mzima kwamba mashine ni za kuchezea. Leo majaribio yalikuwa yanakwisha. Asubuhi Mkurugenzi hakumung'unya maneno: ikifika saa sita mchana programu iwe kwenye mashine zote nane, ama akusanye vyake. Naye kwa jeuri akajibu, "Mama, hapa kuna mkono wa mtu. Nitakuletea jina lake."

Sasa ilikuwa saa tano na robo.

Alikagua mtandao: mzima. Nafasi kwenye diski: tele. Hakuna usakinishaji mwingine uliomzibia njia. Akaiagiza mashine imwoneshe vifurushi vilivyozuiwa visibadilike. Kikatokea kimoja tu: kifurushi cha herufi za kuandikia ramani. Akahamia mashine ya sita. Kile kile. Ya tano. Kile kile. Kifurushi hakijizuii chenyewe.

Akafungua kumbukumbu za mashine, zinazomwandika kila atumiaye mamlaka ya msimamizi. Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, amri ya kuzuia. Aliyeitoa: Mzee Rula.

Fundi alihisi masikio yakipata moto. Neno la siri alimpa yeye mwenyewe, pamoja na amri tatu nne, ili mzee asimwite kila printa ilipokwama. Kumbe alikuwa akimnolea kisu. Mstari mmoja tu wa amri ungeziachia mashine zote. Lakini alitaka kwanza kumwona mtu huyu usoni.

Akazunguka ukuta. Mzee alikuwa ameinamia karatasi mbili, kioo cha kukuzia mkononi.

"Ijumaa ulifanya nini kwenye mashine zangu?"

"Zako tangu lini?" Hakuinua kichwa. "Nilizuia herufi."

"Unakiri?"

"Kwani nimeiba? Njoo huku, acha kunisimamia kama polisi."

Fundi akasogea, bado amekunja uso. Karatasi zote mbili zilikuwa ramani za mtaa mmoja wa bondeni.

"Hii imetoka mashine yangu. Hii nimeichapa kwa karani asubuhi hii, baada ya wewe kumwekea programu yako. Tazama namba za kina cha mabomba."

Alitazama. Herufi mpya zilikuwa pana kidogo tu, lakini zimesukumana, na namba ya bomba dogo imekwenda kukaa juu ya bomba kubwa.

"Mchimbaji akishika hii," mzee alisema, "anapasua hilo kubwa la hospitali. Ramani iliyoanzwa na kalamu moja humalizwa na kalamu hiyo hiyo. Tulifundishwa hivyo enzi za wino. Siku hizi kalamu imo humo ndani, nami nikaizuia."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimeandika kwenye daftari la chumba."

Daftari lilining'inia kwa kamba kando ya mlango. Fundi alilipita kila siku, miezi mitatu, na hakuwahi kuligusa. Yeye alisoma kumbukumbu za mashine tu. Akalifungua. *Ijumaa. Herufi zimezuiwa, mashine za kuchorea, 1 hadi 7, mpaka ramani ya bondeni iishe. Fundi aweke sahihi.* Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

"Na bado ulikuwa unanicheka."

"Nilikucheka, ndiyo. Uliniita mzee wa wino mbele ya watu." Akaweka kioo chini, sauti ikashuka. "Ofisi nzima imesikia Mkurugenzi anangoja jina. Mpe langu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi, sina la kupoteza. Wewe ndiyo kwanza unaanza."

Kengele ya saa sita ikalia koridoni. Fundi alichukua kalamu, akaweka sahihi palipokuwa peupe.

"Sipeleki jina la mtu, Ba'mdogo. Nakwenda kumwambia kuna daftari sikulisoma. Na hata akinifukuza leo, nakuahidi, mkono wangu hautagusa mashine zile saba mpaka uchore bomba la mwisho."