Ng'ombe Wanakunywa Wapi

Joram alipoitwa kwenye kikao cha wazazi wa darasa la awali pale Nyambureti, jambo la kwanza alilojiuliza ni nani amemtaja. Mzee kama yeye, aliyefiwa na mke, aliyeishia darasa la tatu, anaitwa shuleni kupanga hadithi za watoto? Hadithi zimeanza kupangwa lini? Siku mkewe Boke alipozidiwa, hakuna aliyekuwa amepanga mafuta ya gari la wagonjwa. Boke akafia kwenye benchi la zahanati huku wakubwa wakipigiana simu. Leo wakubwa haohao wamepata muda wa kupanga hadithi.

"Babu, mwalimu amesema kila mtoto aje na mtu wake," alisema Frida, mjukuu wake, akimvuta kidole. "Mimi mtu wangu ni wewe."

Akaenda. Akakaa karibu na mlango, maana kikao usichokijua hukai katikati yake.

Mwalimu Elieth, binti wa watu aliyeletwa kutoka Kagera, alikuwa amebandika ukutani karatasi kubwa yenye picha nne: mvua za masika, mavuno, kiangazi, na mvua za vuli. Akaeleza kwamba kila majira yatakuwa na hadithi zake, nao wenyeji ndio watakaozileta. Masika, hadithi za vyura na za kupanda. Mavuno, za ulezi na ndege waharibifu.

"Na sasa kiangazi hiki," akasema kwa furaha, "nataka watoto wenyewe wasimulie habari za maji. Ng'ombe wa nyumbani wanakunywa wapi? Nani anawapeleka? Njiani wanaona nini?"

Joram aliacha kujikuna goti.

Tangu pampu ya kisima cha kijiji ife, ng'ombe wake walikuwa wanakunywa mtoni, chini ya mikuyu, na mto huo uko ng'ambo ya bikoni, yale mawe meupe ya mpaka, ndani ya hifadhi. Ukikamatwa huko, ng'ombe wanapelekwa mnadani na wewe unarudi na fimbo yako tu. Na ng'ombe hao ndio kila kitu alichobakiwa nacho. Frida alikuwa akiandamana naye Jumamosi, anakaa juu ya lile jiwe jeupe la mpaka anatafuna karanga.

Tena kijiji kizima kilijua kwamba huyu mwalimu ana kaka anayefanya kazi kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi. Joram akaunganisha. Askari wa hifadhi magari yao yamewashinda, ndege zao zimewashinda, sasa wanakuja kwa mlango wa watoto. Mtoto wa miaka mitano hajui kuficha kitu.

Akasimama. "Mwalimu, shida ipo. Kwetu hadithi haisimuliwi mchana. Ukisimulia mchana, ng'ombe wanapotea. Wewe ni mgeni, labda hukuambiwa."

Wazee wakaguna kukubali. Lakini aliyemshangaza Joram ni Method, mwenyekiti wa kijiji, aliyesimama upesi akakunjua mikono. "Mzee Joram ana hoja nzito. Mila ni mila. Hilo la kiangazi tuliondoe kabisa, mwalimu. Tubaki na vyura."

Joram akamtazama kwa pembe ya jicho. Method huyu, anayewatoza watu faini barazani kwa kuvuka bikoni, hajawahi kukubaliana naye hata juu ya jua kuchomoza. Leo ana nini?

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu akikaribia kufuta, ndipo Frida akanyoosha kidole. "Mbona bibi alikuwa anasimulia mchana? Mvua ikinyesha, anafunika dirisha kwa ngozi, anawasha moto, anasema haya, sasa ni usiku."

Watu wakacheka. Bibi Waisiko, mwanamke mwenye ulimi wa wembe, akapiga makofi. "Kweli kabisa! Boke alifanya hivyo, na mama yake alifanya hivyo. Mchana ukifunikwa ni usiku. Joram, mke wako mwenyewe umemsahau?"

Maneno hayo yalimchoma. Hakumsahau hata siku moja. Ila hakutegemea Boke amsaliti akiwa kaburini.

"Basi darasa tutalifunika," akasema mwalimu Elieth. "Na naomba mzee Joram atufungulie."

Joram alitaka kukataa, kisha akafikiri. Afadhali asimulie yeye kuliko Frida. Yeye atawapa uongo mzuri, uliokaangwa ukaiva, wakaupeleke Ikoma.

Siku yenyewe ilipofika, turubai lilikuwa limetandazwa juu ya madirisha, na kibatari kimewekwa juu ya meza ya mwalimu. Watoto wamekaa kwenye mikeka, wakubwa wamejibanza ukutani. Mlangoni, akishika ncha ya turubai isipepee, alisimama kijana mrefu aliyevaa koti la kijani.

Koti la kijani, kama la askari wa hifadhi!

"Shikamoo mzee," kijana akasema.

"Marahaba," akajibu Joram, na hakumpa mkono.

Akaketi karibu na kibatari, akasafisha koo. "Hapo nyuma, watoto, alikuwepo mzee mmoja na ng'ombe wake. Kiangazi kikawa kikali, nyasi zikawa kama nywele za mzee. Lakini ng'ombe wale hawakupata taabu. Walikunywa maji ya kisima cha kijiji. Pampu inavuta, maji yanamwagika birikani, ng'ombe wanashiba. Hawakwenda popote pengine. Popote."

"Babu," akasema Frida gizani, "si pampu imekufa?"

"Kwenye hadithi imepona."

Watoto wakaangua kicheko. Frida hakucheka. Alikuwa mjukuu wa Boke kweli. Hadithi ikienda kombo haiwezi kumpita. "Hapana. Ng'ombe wanakunywa mtoni kwenye mikuyu. Tunapita jiwe jeupe, halafu unaniambia nisikohoe."

Joram aliona mnada, aliona kamba shingoni mwa ng'ombe wake. "Frida, nyamaza."

"Hata sisi!" akadakia mtoto mwingine. "Sisi tunapita jiwe lingine, lile lililovunjika!"

"Na sisi! Baba alimwona kiboko!"

"Na sisi!"

Katikati ya kelele zile ikapanda sauti nyembamba ya Gidion, mjukuu wa mwenyekiti. "Babu yangu anapeleka ng'ombe wake kabla ya watu wote kuamka. Ametuambia tukiulizwa tuseme wanakunywa bombani."

Ukutani mtu akakohoa.

"Mwenyekiti," akasema Waisiko, "hicho kikohozi ni cha vumbi au cha maji ya mtoni?"

Darasa zima lilicheka, wakubwa kwa watoto, hata yule kijana wa mlangoni mpaka akaachia turubai na mwanga ukaingia. Ndipo watu wakaonana nyuso, na kicheko kikakatika. Macho yote yalikwenda kwenye lile koti la kijani.

"Huyu ni kaka yangu, Simon," akasema mwalimu Elieth, asielewe kwa nini wote wamenyamaza. "Anakata majani na kumwagilia maua kwenye hoteli kule Ikoma. Ndiye aliyetuazimia turubai."

"Maua," akasema Joram, asiamini. Akamchukua Frida, akaondoka.

Hakuthubutu kwenda mtoni. Alifungua zizi, akawaswaga ng'ombe njia ya mbali inayokwenda kwenye lambo la kijiji cha jirani, kwenye tope zaidi ya maji. Alipofika barabarani akakuta vumbi limesimama. Wazazi wa darasa la awali wote walikuwa njiani na mifugo yao. Hakuna aliyemuuliza mwenzake anakwenda wapi. Nyuma kabisa alikuja Method na ng'ombe wake wanono, wasiozoea kutembea mbali. Wawili wamelala chini, naye anawasihi kama watoto.

Walikwenda hivyo siku baada ya siku. Kisha asubuhi moja gari likasimama kisimani, fundi akashuka na pampu mpya. Method alikuwa pale anamfungulia njia, anambebea hata spana. Kabla ya adhuhuri maji yalikuwa yanamwagika birikani.

"Babu, hadithi yako imekuwa ya kweli!" Frida alirukaruka.

Joram aliwazuia ng'ombe kwa fimbo, akateka maji kwa kiganja, akayanusa, akayaonja. Yalikuwa maji tu. Akamtazama mwenyekiti aliyekuwa anajipangusa jasho huku akipongezwa. Kiangazi kizima waliambiwa hakuna fungu la pampu. Ng'ombe wa mwenyekiti mwenyewe walipokauka koo, fungu likaonekana.

Kumbe inawezekana, akawaza. Kumbe hata mafuta ya gari siku ile yangewezekana.

"Mzee Joram, husemi hata asante?" Method akamwita mbele ya watu.

"Nitasema," akajibu Joram, akiinua fimbo ng'ombe wapite. "Watoto wanasimulia tena lini?"