Mdomo wa Niyonsaba

Mtu akipiga picha za onyesho la muziki akiwa katikati ya watazamaji, anachopata ni migongo. Najua, kwa sababu mzee Polikarpi aliponiletea picha zake kumi na mbili hapa studio kwangu Kayanga, alizimwaga mezani na kusema, "Mackrine, hizi ni picha za roki," nami nilipotazama nikaona visogo, mabega, vilemba, na huko mbali, wadogo mfano wa njugu, vijana wanne wenye magitaa.

"Roki yenyewe iko wapi, baba?"

"Zifufue, utaiona."

Polikarpi ni mkulima wa kahawa wa Kamuli, ana miaka sitini na minne, na ndiye mtu pekee ninayemjua katika wilaya nzima ya Kyerwa anayepalilia migomba akiwa amevaa jaketi la jinzi. Mwaka 1988 vijana waliojiita Radi walitoka Bukoba na jenereta kwenye lori, wakapiga muziki uwanja wa mpira wa Nkwenda. Polikarpi alikwenda na kamera ya kuazima, akapiga picha huku anasukumwa na umati. Sasa alikuwa amepona baada ya kufanyiwa upasuaji, ameandaa misa ya shukrani nyumbani kwake, na alitaka wageni wazione.

Picha zilikuwa na hali mbaya. Moshi wa jikoni ulizipaka unjano, mende walikula pembe, na tatu zilikuwa zimegandia kwenye vioo vya fremu. Nikamuuliza zilipo filamu zake, nizichape upya.

"Filamu?" Akacheka. "Wajukuu walizikata wakatazamia jua siku lilipopatwa."

Nilikasirika. Mtu anatunza jaketi miaka thelathini na sita, halafu filamu anawapa watoto wachungulie jua!

Kazi yangu ni hii: naskani picha, kisha kwenye kompyuta natoa doa moja baada ya jingine. Sitaki kusikia habari za zile programu za simu zinazomtengenezea mtu uso mpya kwa sekunde mbili. Wenzangu wanazitumia, na siku hizi marehemu wote wa Kayanga wameanza kufanana. Mimi natumia kipanya na macho yangu. Najivuna, sikatai, na nilijiona nina haki ya kujivuna mpaka nilipofika picha ya tisa.

Katika picha ya tisa watu wote wanatazama jukwaani, isipokuwa mmoja. Mama mmoja kijana amembeba mtoto begani, na mtoto akibebwa begani hutazama nyuma. Kwa hiyo kati ya watu wote wale waliojaa uwanjani, kamera ilipata uso mmoja tu, wa mtoto wa miezi michache.

Polikarpi alikuwa ameniambia, "Futa hivyo vichwa vya mbele, vinamziba mpiga besi." Nikampigia simu nikamwambia mpiga besi atavumilia, kichwa hiki sikifuti. Nilikuwa nimempenda mtoto yule hata kabla sijajua ni wa nani.

Picha ilikuwa na ufa mrefu mahali ilipokunjwa. Ulianzia pembe ya juu, ukashuka kwenye bega la mama, na nilivyoona mimi, uliishia usoni mwa mtoto, ukapasua mdomo wa juu hadi puani. Nikaanza na mdomo. Nilichukua upande uliokuwa mzima, nikaugeuza, nikaupachika ule uliopasuka, nikalainisha, nikahifadhi. Bega na mengine nilimalizia kesho yake. Nikamwita jirani yangu Ainembabazi, fundi cherehani, aje aone.

"Mawe!" akashangaa kwa lugha yetu. "Utadhani atakuita mama."

Halafu, kwa ujuzi wangu mwingi, nikachukua ile picha yenyewe, ambayo niliiskani ikiwa imegandia kwenye kioo, nikailoweka majini ili niibandue. Ilibanduka kweli. Rangi zote zilibaki majini vipandevipande kama maganda ya kitunguu, na mkononi nikabaki na karatasi nyeupe. Polikarpi sikumwambia. Nilijisemea, ya nini kumsumbua mzee aliyetoka kuugua, wakati iliyo kwenye kompyuta ni nzuri kuliko hiyo?

Jumamosi, siku ya misa, picha zilitundikwa kwenye kamba chini ya turubai, kila moja ukubwa wa sinia. Wageni walipomaliza kula wakaanza kutafuta migongo yao. "Kisogo hiki ni changu!" "Chako wapi, wewe ulikuwa na nywele lini?" Mwalimu mstaafu Kashaija alijitambua kwa suruali yake pana, akajionyesha kwa kila mtu, mpaka mkewe Anatolia akamuuliza ni nani huyo aliyemshika kiuno, maana yeye mwaka huo alikuwa bado hajamfahamu. Mgongo ule ukawa si wa mwalimu tena. Tulicheka mpaka machozi.

Mbele ya picha ya tisa alisimama mama mmoja peke yake. Niliambiwa anaitwa Nyirabageni, mkulima wa Mabira, mtoto wa watu waliokuja zamani kutoka Rwanda, na kwamba amekuja na kwaya. Nikamsogelea. Nisiseme uongo, nilikuwa nafuata sifa.

"Shikamoo, mama."

Hakuitikia. Kwetu mtu haachi shikamoo ikaanguka chini, na hapo nikajua kuna jambo.

"Huu mgongo ni wangu," alisema polepole. "Kitenge hiki nilinunuliwa na dada yangu."

"Na mtoto?" nikauliza nikitabasamu.

"Mtoto ni wangu. Niyonsaba." Akanyoosha kidole, akaugusa uso. "Macho ni yake. Sikio ni lake." Kidole kikashuka hadi mdomoni, kikasimama. Akanigeukia. "Huu mdomo ni wa nani?"

Nilidhani sikumsikia vizuri. "Mama?"

"Mwanangu alizaliwa na mdomo wa sungura. Ulikuwa umepasuka mpaka puani. Nani ameuziba?"

Nikaikumbuka picha ilivyokuwa kabla sijaigusa, nikaona kwa mara ya kwanza kitu ambacho ningepaswa kukiona siku ile ya kwanza: ufa wa karatasi uliishia begani mwa mama. Haukufika kwa mtoto. Mimi, na macho yangu niliyojisifu nayo, nilikuwa nimeunganisha ufa wa picha na mdomo wa mtu.

"Ni mimi," nikasema. "Nilidhani picha imeharibika."

"Alikufa ana miezi saba. Sina picha yake nyingine. Hata hii sikujua kama ipo duniani." Hakupaza sauti, lakini chini ya turubai watu walikuwa wamegeuka kutusikiliza. "Nipe ile ya kwanza, mwanangu. Ile ambayo hujaigusa."

Polikarpi alikuwa amesimama karibu, anaitikia kwa kichwa, akiamini kabisa kwamba ninayo. Nikasema nitaitafuta, nikaondoka.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilifungua kila faili kwenye kompyuta, kila flashi, kila ujumbe niliomtumia Polikarpi. Haikuwepo. Mdomo ndio nilioanza nao, nami nilihifadhi juu ya faili lile lile la kwanza, kwa hiyo kila nakala iliyofuata ilikuwa na mdomo mzima. Nikampigia Polikarpi nikamweleza habari ya kioo na maji.

"Waitu, Mackrine," akasema, yaani "ndugu yetu", kisha akakata simu.

Nililia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Mtoto alikuwa ameishi miezi saba, akabaki kwenye karatasi moja duniani, na karatasi hiyo ikaja kuangukia mikononi mwangu.

Jumatatu asubuhi bodaboda ilisimama mlangoni, akashuka Nyirabageni, vumbi la Mabira limemjaa mpaka kwenye nyusi. Nilimwambia ukweli kabla hajaketi.

"Haipo, mama. Karatasi nimeiharibu kwa maji, na ya kwenye kompyuta nimeifuta. Nisamehe."

Akaketi. Nilisubiri anitukane, na ningefurahi angenitukana. Yeye akaomba maji ya kunywa, akanywa taratibu, akaweka kikombe.

"Unajua kwa nini nilikwenda kwenye ile roki?" akauliza. "Muziki wenyewe sikuupenda, ulikuwa unanipiga kifuani. Nilikwenda kwa ajili yake. Nyumbani waliniambia nimfunike. Kanisani nilimfunika, sokoni nilimfunika, na wenye mimba walikuwa wakiniona wananipisha njia, wasije wakazaa kama yeye. Sasa nikafikiri, pale uwanjani watu wote watatazama mbele. Nikasimama katikati yao, nikamtoa kitambaa. Saa mbili nzima alikaa uso wazi, apigwe na upepo, na hakuna aliyegeuka kumtazama."

"Kamera ilimtazama," nikasema.

"Ilimtazama, nami sikujua. Miaka yote hii kuna mahali mwanangu alikuwa hajafunikwa." Akavuta pumzi. "Watu walimfunika kwa kitambaa. Wewe umemfunika kwa mashine."

Akatazama kompyuta iliyokuwa imezimwa mezani.

"Washa," akasema. "Umpasue."

"Mama?"

"Mdomo. Uupasue kama ulivyokuwa. Mimi nitakuonyesha."

Nimefanya kazi hii miaka kumi na mitano na sijawahi kuharibu picha kwa makusudi. Nyirabageni alivuta kiti akaketi ubavuni kwangu, kidole chake karibu kugusa kioo cha kompyuta.

"Si hapo. Kushoto kwake, si kushoto kwako. Hapo. Panda. Panda mpaka tundu la pua, na tundu lenyewe lilikuwa limelala kidogo. Hapana, umepanua mno, hilo sasa ni jeraha. Hakuwa na jeraha, alizaliwa hivyo. Kingo zake zilikuwa laini, za duara. Na hapa ufizi ulikuwa unaonekana."

Nilifuta, nikarudia. Nikikosea unene wa sindano, alijua. Hakusita hata mara moja, hakusema "nadhani" wala "kama sijasahau". Nilikuwa nimeingia kazini nikiamini kwamba nimeua picha pekee ya mtoto yule, kumbe nyingine ilikuwa imeketi hapa kando yangu inanielekeza. Jambo hilo lilinishtua kuliko yote ya Jumamosi.

Ilikaribia saa sita mchana alipoacha kusema. Nikaondoa mkono kwenye kipanya, nikarudi nyuma kidogo ili nimwone mtoto mzima. Mashavu yake sikuyagusa tangu mwanzo, macho yake sikuyagusa. Lakini mdomo ulipokaa mahali pake, mashavu yale yaliyopanda juu na macho yale yaliyobanwa yakapata maana. Nikashika kichwa.

"Mama, alikuwa anacheka."

Nyirabageni akaisogelea kompyuta mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Alitazama muda mrefu.

"Sikujua," akasema. "Alikuwa begani kwangu. Alikuwa anatazama nyuma."

Akalia, nami nikalia naye, wateja wa picha za pasipoti wakachungulia mlangoni wakarudi walikotoka. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kitenge na kuniambia niichapishe, kubwa kuliko ile ya Polikarpi, kubwa kadiri printa yangu inavyoweza. Nikamuuliza ataiweka wapi, chumbani kwake au wapi.

"Chumbani kufanya nini?" akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa kali. "Sebuleni, ukuta unaoelekea mlango. Anayeingia amsalimie yeye kwanza."