Viti vya Kibarazani kwa Fundi

Fundi alikuwa na wivu, na tusimfichie. Ulikuwa wivu wa kujichoma sindano kidoleni kwa sababu mkono uko kwenye gauni na jicho liko dirishani. Wala haukuwa wivu wa mume, maana mume alishamzika na kumaliza kumlilia. Fundi alimwonea wivu mdogo wake, na kisa kilikuwa mama yao mzazi.

Mama alikuwa amehama nyumba yake ya zamani baada ya ngazi kumshinda, akaja kwa binti zake wawili. Binti hao walipanga nyumba moja iliyogawanywa katikati, kila mtu na mlango wake, kila mtu na kibaraza chake cha saruji, na ukuta mfupi wa kufika kiunoni ukiwatenganisha. Kulia alikaa Fundi, mkubwa, mshona nguo wa miaka hamsini na ushee. Kushoto alikaa mdogo wake, Msusi, ambaye wateja wake huwasukia hapo hapo kibarazani. Mama alisema wazi: wiki mbili kwa mdogo, wiki mbili kwa mkubwa, kisha ataamua kitanda chake kikae wapi moja kwa moja. Wiki za Msusi zilikuwa zimekwisha. Za Fundi zilibaki siku nne, na Fundi alikitaka kitanda kile kuliko kitu chochote duniani.

Sasa, Mama alilala kwa Fundi, akala kwa Fundi, akaogeshwa maji ya moto kwa Fundi. Lakini ikigonga saa tisa alasiri, huyoo, anajikongoja kwenda upande wa pili! Huko hukaa nje mpaka jua lizame, chini ya mwavuli mkuukuu, akicheka na wanawake wanaosukwa.

"Wanacheka nini?" Fundi alimuuliza mteja aliyekuwa akijaribu gauni. "Hebu niambie wewe, kuna kichekesho gani pale? Viti vyenyewe vya plastiki. Mwavuli umepauka kama dekio!"

Mteja, ambaye kwapani alikuwa na pini tatu, alisema kwamba hajui.

"Mtoto niliyembeba mgongoni mimi! Leo ananiibia mama mchana kweupe!"

Mteja alisema kweli, si vizuri, na akaomba pini ziangaliwe.

Kesho yake Fundi akamshika Mama mkono, wakaenda kwenye duka la samani za nje. Mwenye nyumba hakutaka msumari ukutani wala nguzo kwenye saruji, kwa hiyo kila kitu kilipaswa kuwa cha kukunja na kubeba. Muuza viti alikuwa mtu mchangamfu. Akawakunjulia hiki, akawakunjia kile, paa paa, mpaka mlangoni hapakupitika.

Mama akasimama mbele ya kiti kimoja kirefu, cheupe, chenye mikono. Akakipapasa. "Hiki kizuri," alisema.

"Hiki?" Fundi alimaka. "Mama, si ndicho alicho nacho yule! Mimi siigi mtu."

"Lakini kina mikono, mwanangu."

"Niachie mimi, Mama."

Akachagua viti viwili vya turubai vilivyolala nyuma, vyenye maua mekundu ya ukubwa wa sahani. Vilikuwa vya chini sana, lakini vilipendeza, huo ndio ukweli. Muuza viti akasema, "Mwache mama akae kwanza, ajaribu."

"Ajaribu nini? Mimi nimemshonea huyu tangu nilipoanza kushika mkasi. Mama yangu namjua kwa inchi."

Kwenye miavuli, shauku ikazidi. Kulikuwa na mmoja wa wastani wenye magurudumu, na muuza viti akausifia: jua likihama, unausukuma tu. Fundi akauliza kama hakuna mkubwa zaidi. Ulikuwepo. Ulikuwa mpana kama paa la kibanda, na kitako chake kilijazwa ndoo tatu za maji ili upepo usiubebe. "Ila ukishaujaza," muuza viti alionya, "hausogei huu."

"Nausogeza kwenda wapi? Nataka uonekane."

Saa sita mchana kila kitu kilikuwa mahali pake. Kivuli kilianguka katikati ya kibaraza, juu ya viti vyote viwili, kama kimekatwa kwa mkasi. Fundi akafagia mara ya pili, sakafu ikiwa safi, ili tu apate sababu ya kusimama karibu na ukuta.

"Hongera, dada," alisema Msusi. "Pamependeza kweli."

Fundi akasikia kejeli. Hapakuwa na kejeli yoyote, lakini aliisikia, na akajisemea moyoni: pasuka.

Saa tisa Mama akatoka, uso ukielekea kushoto kama kawaida. Fundi akamdaka. "Leo hapa hapa, Mama." Akamshusha kitini taratibu, na Mama akazama. Magoti yalipanda mpaka usawa wa kifua, mikono ikabaki haina pa kushika. Fundi naye akajitupa kwenye kiti cha pili, akaanza kuzungumza kwa sauti ya kuwafikia wa ng'ambo.

"Raha iliyoje, Mama! Ubaridi ulioje!"

Mama akaitikia kwa kichwa.

Jua nalo halikuwa na habari na mambo yao. Likashuka upande, na kivuli kikaanza kumtoka Mama, kwanza miguuni, halafu mapajani, halafu usoni. Ilipofika saa kumi na robo, mwavuli wote ule ulikuwa unamtilia kivuli Msusi. Kivuli kilikuwa kimevuka ukuta na kutandaa juu ya wateja wake.

"Asante kwa kivuli, shoga!" mmoja akapiga kelele, na wenzake wakaangua kicheko.

Fundi akakurupuka, akakumbatia mlingoti, akasukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa hasira. Wapi! Jasho lilimtiririka Mama mashavuni.

"Mwanangu, nataka kuinuka."

Fundi akamvuta mikono. Mama akapanda nusu, akarudi chini kwa kishindo, na kiti kikaanza kujikunja naye akiwa ndani.

"Yalaa!" Mama alilia, na mle ndani ya kilio mlikuwa na maumivu ya kweli.

Msusi aliruka ukuta, kitana kikiwa bado kichwani mwake.

"Usije!" Fundi alifoka. "Nitamwinua mwenyewe!"

Msusi hakubishana. Alikanyaga mguu wa kiti kisijikunje, akapitisha mikono kwapani mwa Mama. "Sogea mbele kwanza, Mama. Hivyo. La kushoto usiliegemee." Na Mama akasimama.

"La kushoto lina nini?" Fundi aliuliza.

Msusi alikuwa akimfuta Mama jasho.

"Goti la Mama lina nini, na nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Watu wangu mimi huwa wamekaa. Mtu anakaa mbele yangu saa tano nzima, halafu namwona anavyoinuka."

Fundi alijua kifua cha mama yake, mabega, kiuno, urefu wa mkono, vyote kwa kichwa. Lakini wateja wake hupimwa wakiwa wamesimama, na Mama naye alipimwa hivyo hivyo, amesimama, miaka yote. Wivu ulimpanda upya, mbaya kuliko wa mwanzo. Hata goti la mama yake, mwenzake alilijua kabla yake!

Jioni alimkanda Mama goti kwa maji ya moto, akizungumza mfululizo asije akalia. "Ni viti tu, Mama. Kesho navirudisha, nachukua vile virefu vyenye mikono. Nachukua vinne. Na mwavuli ule wa magurudumu, mzuri kuliko wa kwake, na…"

"Kuliko wa nani?"

Fundi akachovya tena kitambaa majini.

"Mwanangu," alisema Mama, bila hasira, "siku zote hizi wewe ulikuwa unakaa na mdogo wako. Ukiamka ni yeye, tukila ni yeye, hata dukani tulikwenda naye. Mimi humu ndani nilikuwa peke yangu." Akavuta gauni, akalifunika goti. "Kitanda kipelekeni kule."

Fundi alifungua mdomo ajitetee, na neno la kwanza lililomtoka lilikuwa, "Yeye…"