Nyuzi Mbili, Mikono Miwili

Nani anavaa skafu Garsen? Ndivyo alivyouliza Mwanaarusi siku Asenath, binti wa kijiji cha Minjila, alipomletea mabunda ya uzi wa sufu, mekundu na meupe. Joto la hapa likikukuta barabarani saa saba mchana unatamani kuvua hata ngozi. Lakini Asenath alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Nyahururu, kwenye baridi, na alitaka skafu ya aina aliyoiona kwenye simu: upande mmoja nyekundu, wa pili nyeupe, na pande zote mbili safi, usijue upi ni wa nje.

"Mama, utaweza?"

"Miaka thelathini nafuma sweta za shule, na bado naulizwa kama nitaweza," Mwanaarusi akasema. Akaupokea uzi.

Aliweza, ila baada ya kuilaani sana. Kazi hiyo ni vitambaa viwili kufumwa pamoja kwenye sindano zilezile: kitanzi chekundu cha uso wa huku, kinachofuata cheupe cha uso wa kule, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari. Kila kitanzi, nyuzi zote mbili ziende nyuma au zirudi mbele kwa pamoja. Ukiusahau mmoja, unakatiza usoni na kuacha doa, na utake usitake unafumua. Mwanaarusi alizishika zote kwa mkono wa kulia kama alivyozoea, zikasokotana. Alifumua mara tatu.

Siku ya nne mkono wake wa kushoto uliuchukua uzi mweupe wenyewe. Hakuuamuru. Wa kulia ukabaki na mwekundu, wa kushoto ukaenda na mweupe, na mistari ikaanza kushuka bila kosa hata moja.

Aliacha kufuma akautazama mkono ule. Alipokuwa na miaka saba mama yake aliufunga kiunoni kwa kipande cha leso, kwa sababu mtoto wa kike anayeshika kila kitu kwa kushoto ni aibu ya nyumba nzima. Alifungwa tangu mto ulipojaa mpaka mpunga ulipovunwa. Tangu hapo mkono ule ukawa wa kushikilia tu, mtumwa wa mwenziwe. Mwanaarusi alikasirika, hasira ya miaka hamsini, na hakuionea haya.

Akainua macho akamwona Ikhlas, mjukuu wake wa miaka minane, amekaa mkekani akiandika. Aliandika kwa kulia, ulimi nje, penseli ikichimba karatasi mpaka inatoboka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umefungwa kiunoni kwa kitambaa. Aliyeufunga ni baba yake, Abdulmalik, asubuhi kabla ya kwenda soko la mbuzi, na alisema utafungwa kila siku mpaka shule zifunguliwe, ili mtoto anyooke. Asubuhi ile Mwanaarusi aliona na akanyamaza. Sasa alijiona mjinga.

"Njoo hapa."

"Bibi, baba alisema nisifungue."

"Wewe hufungui. Nafungua mimi."

Fundo lilikuwa gumu, akatumia meno. Mtoto alikunja vidole akavikunjua, akahamisha penseli, akaandika jina lake lote kwa mkono mmoja mwepesi. Herufi zilikaa kwenye mstari kama zimetumwa.

Abdulmalik alirudi alasiri, vumbi la soko mpaka kwenye kope. Hata maji hakuomba.

"Nani amemfungua?"

"Mimi. Na kesho nitamfungua tena, na kesho kutwa."

"Mama, watu watatucheka. Akipewa kitu na mkubwa atapokea kwa kushoto?"

"Chakula atakula kwa kulia, na salamu atatoa kwa kulia. Hayo nitamfundisha kwa mdomo, masikio anayo. Kuandika ni kazi. Aache mkono unaoijua uifanye." Akamrushia skafu, sindano zikiwa bado ndani yake. "Nitafutie upande wa nyuma."

Abdulmalik aliigeuza, akaigeuza tena. "Yote ni mbele."

"Nyekundu nimefuma kwa kulia. Nyeupe nimefuma kwa huu aliofunga bibi yako."

"Hata mimi ulinifunga," Abdulmalik akasema. "Na nikanyooka."

Ilikuwa kweli, na ilimchoma. Alimfunga mwenyewe, Abdulmalik akiwa na miaka sita, naye alilia mpaka sauti ikakauka. Mwanaarusi angeweza kusema hayo yalikuwa ya zamani.

"Hukunyooka. Uliogopa tu. Mpaka leo karatasi ya kuuzia mbuzi unamwomba rafiki yako Abduba akuandikie."

Uso wa Abdulmalik uliiva. Aliweka skafu chini, akaokota kitambaa mkekani. "Ikhlas, simama."

Mtoto akasimama. Mwanaarusi naye akasimama, magoti yakimlalamikia, akajipenyeza katikati yao na kunyoosha mkono wake wa kushoto mbele ya mwanawe.

"Kama lazima mkono ufungwe leo, funga huu. Mimi ndiye niliyekufunga. Funga."

"Mama, toka."

"Sitoki. Funga."

Mtu mwenye hasira hafikiri. Abdulmalik alizungusha kitambaa kwenye kifundo cha mkono wa mama yake mara mbili, akakipitisha, akakaza, upesi upesi kama anavyofunga mbuzi sokoni.

"Baba," Ikhlas akasema polepole, "umefunga kwa kushoto."

Wote watatu walitazama. Mkono wa kulia wa Abdulmalik ulikuwa umeshika ncha tu. Wa kushoto ndio uliofanya kazi yote, na bado ulikuwa juu ya fundo.

Sauti ya Abdulmalik ilikuwa ya chini. "Nilidhani uliacha kunipenda, mama. Siku zile."

"Nisamehe," Mwanaarusi akasema, na machozi yalimtoka bila yeye kuyafuta. "Nilikosea, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Lakini huyu hafungwi. Si leo, si mimi nikiwa hai."

Abdulmalik aliinama, akaanza kulifungua fundo la mama yake, na safari hii aliuacha mkono wa kushoto ufanye kazi huku akiutazama.