Vitonge Visivyopita Motoni

Mtaani kwao walimwita Fundi, na hakuna aliyeuliza fundi wa nini. Alikuwa fundi umeme, mwanamke wa miaka arobaini kasoro mmoja, na nyumba aliyoifunga nyaya yeye mwenyewe ungeitambua ukifungua tu sanduku la swichi kuu: nyaya zimelala sambamba kama nywele zilizochanwa, kila moja na kijikaratasi chake. Aliionea fahari kazi yake wala hakuficha. Mahali pamoja tu palikuwa pakimnyima usemi, napo ni jikoni.

Chanzo chake kilikuwa mama mkwe. Huyu alikuwa mpishi mkuu wa shule ya bweni kwa miaka thelathini na moja, watoto mia sita, milo mitatu kwa siku. Watu walimwita Mama Mwiko, na mwiko wenyewe ulikuwa mrefu kumzidi kimo. Mwezi wa kwanza wa ndoa, Fundi alimpikia maharage. Mama Mwiko akatafuna punje moja, akatafuna, akatafuna, kisha akaitoa na kuiweka pembeni mwa sahani kwa adabu zote.

"Mwanangu," akasema, "haya maharage bado yana nia ya kuota."

Meza nzima ilicheka. Fundi naye alicheka, lakini neno lile lilimkaa. Kwa miaka kumi na miwili baada ya hapo hakuwasha jiko mbele ya mama mkwe. Mume wake, mtu wa kiwanda cha uchapaji, ndiye aliyekuwa akipika, na alipika vizuri, maana alilelewa na mpishi.

Kisha Mama Mwiko akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Akafanyiwa upasuaji, akawekewa chuma, akaletwa kuishi kwa mwanawe. Mume alitoka asubuhi na kurudi jioni. Fundi ndiye aliyeweza kupanga kazi zake apendavyo, kwa hiyo ikawa kila saa sita mchana anashusha ngazi yake kwenye ukuta wa mtu, anafunga begi la vifaa, anakwenda nyumbani kumtazama mama.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani wiki ya tatu. Alikuwa dada mchangamfu mwenye mikono migumu kama koleo. Alimbonyeza Mama Mwiko paja, akamwomba ainuke kitini bila kushika chochote. Mama akajaribu. Akajaribu tena. Hakuinuka hata nusu.

"Mfupa unaunga vizuri, Mama," yule dada akasema. "Shida ni hii nyama ya paja, imekwisha. Unakula nini?"

"Chai."

"Na nini?"

"Na sukari yake."

Dada hakucheka. Alimgeukia Fundi. "Misuli haijengwi kwa chai. Anahitaji protini, kila siku, kidogo kidogo mara kadhaa. Nyama, mayai, maziwa, maharage. La sivyo kile kitanda kitamzoea."

Wakajaribu. Nyama ilimshinda, kwa sababu alikuwa amepungua hadi meno ya bandia yakawa yanacheza mdomoni. Mayai alisema yananuka dawa, na maziwa ni ya watoto. Yalipoletwa maharage alimtazama Fundi, akaisogeza sahani pembeni kwa adabu zote. Lakini haikuwa meno wala dawa tu. Mtu aliyelisha watu mia sita alikuwa sasa amefungwa kitambaa kifuani, analetewa kijiko mdomoni, na jambo hilo lilimshinda kumeza kuliko kitu kingine chochote.

Ila jioni moja mume alirudi na kipande cha chokoleti nyeusi mfukoni, akamwachia mama juu ya stuli bila kusema kitu. Asubuhi Fundi alikuta karatasi tupu, imekunjwa vizuri katika pembe nne.

"Aha," akajisemea. "Kama mkondo unapita njia hii, basi na mimi nitapitishia hapa hapa."

Alimpigia simu yule dada wa mazoezi, akaandika kila alichoambiwa nyuma ya daftari lake la kazi. Siagi ya karanga. Maziwa ya unga. Oti. Mbegu za maboga zilizosagwa. Unga wa kakao. Utamu utoke kwenye tende, siyo sukari. Vyote vichanganywe, viviringwe, viwekwe kwenye friji. Hakuna kuoka, hakuna kuchemsha. Fundi alisoma orodha hiyo mara mbili akahisi moyo unamwinuka: kazi isiyo na moto angeiweza. Hiyo ilikuwa kazi ya vipimo, na vipimo ndiyo lugha yake.

Siku ya kwanza alimpelekea vitonge vitatu kwenye kisahani.

"Umepika?" Mama Mwiko akauliza, macho yamemtoka.

"Sijapika, Mama. Havipikwi. Vinachanganywa tu halafu vinakaa kwenye baridi."

"Havipiti motoni?"

"Hata kidogo."

"Basi mwanangu, umefinyanga udongo."

Hata hivyo alitia kimoja mdomoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa heshima. Alikizungusha muda mrefu. Kisha akayatoa meno yake ya chini, akayapangusa punje za oti zilizojisokota chini yake, akayarudisha. "Ladha ipo," akasema. "Ila nimekula kama farasi."

Fundi alitoka chumbani akiwa amesikia maneno mawili tu. Ladha ipo! Usiku ule alimsimulia mumewe mara tatu, na mara ya tatu mume akamwambia, "Mke wangu, nimeshaelewa, ladha ipo."

Siku ya pili alizisaga oti kwenye blenda hadi zikawa unga. Akaamua pia kuyeyusha chokoleti ndani ya bakuli lililowekwa juu ya maji ya moto, ili vitonge viwe laini. Chokoleti ilianza kung'aa vizuri, akajisifu mapema. Mvuke ukadondosha matone mawili ndani ya bakuli. Alipokoroga tena, kitu kizima kilikuwa kimeshikamana ghafla, kigumu na chenye chembechembe, kama lami iliyopoa barabarani. Alikikwangua kwa kisu, akakitupa, na Mama Mwiko siku hiyo akanywa chai.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne, saa saba mchana. Fundi aliachana na kuyeyusha, akarudi kwenye unga wa kakao. Alipima kila kitu kwenye mizani ndogo: oti, karanga, maziwa ya unga, mbegu, chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Akaziponda tende, akachanganya, akaviringa. Kitonge kikamomonyoka mkononi. Akaviringa kingine, nacho kikaanguka mezani vipande vinne. Akakandamiza kwa nguvu, akasukuma bakuli, akalivuta tena.

"Unakoroga kwa hasira," ikatoka sauti chumbani. "Nakusikia."

"Hakuna kitu, Mama. Pumzika."

"Kavu hiyo. Inasikika kavu."

Fundi alizidi kukandamiza. Aliinama juu ya bakuli kwa sababu machozi yalikuwa yamemfika karibu, na hakutaka kulia kwa ajili ya tende. Ndipo aliposikia sauti nyingine. Tak. Kimya. Tak. Zilikuwa nyayo za mpira za ile fremu ya kutembelea aliyopewa hospitali, zikigusa sakafu ya korido. Korido ile aliifunga nyaya yeye mwenyewe; mita saba na nusu, aliijua. Tangu atoke hospitali Mama Mwiko hakuwahi kwenda popote bila kushikwa mkono, na mwisho wake ulikuwa choo, hatua nne.

Fundi alisimama kama mtu aliyegundua kuwa waya anaoukaribia una umeme. Akienda kumsaidia, mama atakumbuka kuwa ni mgonjwa. Asipokwenda, na akaanguka je? Alisogea hadi kwenye mlango, akajibanza pembeni, mikono imenyooka tayari kumdaka, akahesabu pumzi.

Mama Mwiko akatokea. Jasho lilikuwa limemlowesha kitambaa cha kichwa. Hakutazama uso wa mkwewe wala mikono yake iliyonyooshwa. Alitazama bakuli.

"Tende hizi uliziloweka?"

"Hapana, Mama."

"Maji ya moto, dakika kumi. Tende kavu itashikaje kitu? Ni kama kumwomba mtu mwenye kiu akuimbie. Leta kiti."

Fundi akaleta kiti, akaloweka tende. Walikaa zile dakika kumi wakitazamana na saa ya ukutani. Kisha Mama Mwiko akanawa, akakunja mikono ya gauni, akaingiza vidole kwenye bakuli. Mikono ile iliyokuwa ikitetemeka ikishika kikombe, humo ndani haikutetemeka. Ilikunja, ikageuza, ikabana. Mchanganyiko ukawa mweusi, wenye mng'ao, ukaanza kujiachia pembeni mwa bakuli.

Akaviringa cha kwanza. Fundi akakitwaa na kukiweka kwenye mizani.

"Na hiyo ya nini tena?"

"Gramu thelathini kila kimoja. Dada wa mazoezi anataka nijue umekula protini kiasi gani."

"Kwani kina ngapi hicho?"

Mizani ilisema thelathini. Fundi akapima cha pili: ishirini na tisa. Cha tatu, thelathini. Cha nne, thelathini na moja. Akamtazama mama mkwe, naye Mama Mwiko akainua kidevu juu kidogo, kama alivyokuwa akisimama zamani mbele ya masufuria yake.

"Miaka thelathini na moja nimegawa chakula kwa jicho," akasema. "Hakuna mtoto aliyewahi kulalamika mwenzake kapata zaidi. Wewe pima tu, mimi naviringa."

Vilipotoka kwenye friji alikula viwili. Fundi akasubiri neno. Mama Mwiko akalamba kidole gumba, akafikiri.

"Wiki ijayo punguza chumvi," akasema. "Na utengeneze vingi."

Kuanzia hapo nyumba ile ikapata utaratibu. Jumapili na Jumatano, Fundi alisaga na kupima, Mama Mwiko akakanda na kuviringa. Akala kimoja saa nne, kimoja baada ya mazoezi, kimoja jioni. Mume alianza kuviiba, hadi Fundi akabandika kwenye bati la kuvihifadhia karatasi yenye alama ya radi: HATARI. VYA MAMA. Tumbo lilipozoea kupokea, likaanza kudai. Wiki ya nne Mama Mwiko aliomba yai la kuchemsha, wiki ya sita akaomba mawili na kuuliza kwa nini yamecheleweshwa. Meno yakaacha kucheza. Fundi, akimshika mguu wakati wa mazoezi, akawa anahisi chini ya kiganja chake kitu kikikaza ambacho awali hakikuwapo, na kila mara alitaka kumwita mtu aje ashike.

Mwezi wa tatu walikwenda kliniki wenyewe, kwa teksi. Ukumbi wa mazoezi ulikuwa na watu kama kumi, wenye magongo, wenye mikono kwenye mikanda. Dada wa mazoezi aliweka kiti katikati, akamwambia Mama Mwiko akunje mikono kifuani, ainuke na kukaa mara nyingi awezavyo kwa nusu dakika.

Aliinuka. Akakaa, akainuka tena. Mara ya tano mwanamume mmoja mwenye mguu kwenye plasta, dereva wa lori, alianza kuhesabu kwa sauti. Mara ya saba ukumbi mzima ulikuwa ukihesabu. Ya nane aliinuka polepole, na Fundi akajikuta ameinuka naye, ameuma mdomo. Ya tisa, saa ikalia.

"Tisa!" dereva akapiga gongo lake sakafuni. "Mimi sina hata tatu!"

Dada wa mazoezi alishika kiuno. "Mama, hebu tuambie. Unakula nini siku hizi?"

Mama Mwiko alivuta pumzi, akaomba mkoba wake, akatoa bati. Likapita mkono kwa mkono. Watu wakaonja, wakaonja tena.

"Mtu anajua kupika!" dereva akasema. "Mama, umefanya kazi."

"Ngoja," Mama Mwiko akamkatiza. Aliweka mkono juu ya bega la Fundi, siyo kwa kujishikiza. "Mimi nimepika maisha yangu yote, na napenda sana kusifiwa. Lakini hivi sikuvibuni mimi. Kavibuni huyu, mkwe wangu. Nilikuwa nimelala pale nasubiri kuisha, yeye akashindwa mara ya kwanza, akashindwa mara ya pili, akarudi tena jikoni. Mnataka kujua vinatengenezwaje, muulizeni yeye. Ndiye mwenyewe."

Fundi aliwahi kusimama mbele ya wahandisi akawaambia mchoro wao una makosa, sauti isimtetemeke. Sasa ilimtetemeka. "Tende kikombe kimoja," akaanza. Mama mmoja akageuza kadi yake ya kliniki akaandika nyuma. "Ziloweke kwanza kwenye maji ya moto. Oti kikombe, zisagwe. Siagi ya karanga nusu kikombe..." Alivyoendelea, sauti ikapata miguu. Akaeleza kwa nini maziwa ya unga yaingie mwisho, na kwamba mwenye mzio wa karanga au ugonjwa wa sukari amuulize daktari wake kwanza. Waliuliza, akajibu. Muda wote huo Mama Mwiko alikaa kando yake, mikono magotini, bila kumsahihisha neno hata moja.

Walipotoka, Fundi akaelekea kwenye lifti kama walivyoingia.

"Ngazi ziko wapi?" Mama Mwiko akauliza.

"Mama, ni kumi na nne."

"Umezihesabu lini?"

"Tulipokuwa tunasubiri lifti."

"Basi unazijua. Twende."

Akashika reli. Mguu wa upande uliovunjika ukatangulia, kama walivyofundishwa kushuka, kisha mzima ukafuata. Fundi alishuka hatua moja mbele yake, uso ameuelekeza juu, mkoba wa mama begani mwake, hamshiki. Katikati walipishana na kijana anayepanda mbio akawapisha ukutani. Mama Mwiko akamshukuru, akampa habari ambayo hakuiuliza.

"Huyu ni mkwe wangu," akamwambia. "Fundi."

Kisha akashusha mguu kwenye ngazi iliyofuata.